Siku 12 Polandi, na chapati ya konokono niliyoikuta msituni

Tangu nirudi siwezi kupita mtaani Langoni, hapa Lamu, bila kusimamishwa. Hakuna anayeuliza habari ya ndege wala majumba, swali ni moja tu, "ulikuwa ukila nini huko?" Na wanauliza kwa huruma, kama unavyomuuliza mtu aliyetoka kulazwa, manake kila mtu ashaambiwa kule ni nguruwe na viazi basi. Nimejibu vipande vipande kwenye baraza za watu mpaka nimechoka, nimeona bora niketi niandike yote mara moja, mwenye hamu asome.

Kwa msiyenijua, mi ni mpishi. Hapa Lamu nyumbani kwetu ghorofa ya juu tumetenga vyumba vitatu vya wageni, na jikoni ni mimi na mamangu. Miaka miwili nyuma alikuja dada mmoja wa Kipolandi akakaa wiki mbili, kila alfajiri yuko jikoni anamtazama mama akikanda mahamri, mpaka siku ya tatu mama akamwambia nawa mikono basi, uingie. Siku ya kuondoka akaniambia zamu yako sasa, uje nikupeleke kwa kila mtu ninayemjua anayeweza kupika. Nikadhani ni maneno ya kuagana tu. Kumbe mwenzangu amekusudia kweli, kila mwezi anauliza umefikia wapi. Nikaweka akiba, viza ikanirusha Nairobi mara mbili, na mwezi wa tisa tukapanda ndege mimi na mdogo wangu.

Warsaw hatukukaa sana, ila nataka niseme kuhusu bar mleczny, yaani mkahawa wa maziwa. Ni kama hoteli zetu ndogo za chai na maharagwe, unapanga foleni, unaagiza pale mbele, chakula kikiwa tayari unapokea dirishani na sinia lako unabeba mwenyewe. Wa kwanza ulifunguliwa hapo hapo Warsaw mwaka 1896, ukapika vitu vya maziwa, mayai na unga kwa watu wenye pesa kidogo, baadaye enzi za ukomunisti mikahawa hii ikaenea nchi nzima. Kwangu mimi palikuwa kimbilio manake nusu ya menyu haina nyama kabisa. Wazee wameketi na supu zao za bitiruti, wanafunzi na mabegi yao, kila mtu kimya anakula, na kinywaji ni kompot, matunda yaliyochemshwa na sukari kidogo yakaachwa yapoe. Nilikunywa glasi tatu.

Na pierogi. Pierogi nikwambieje, ni kama sambusa iliyochemshwa badala ya kukaangwa. Unga wa ngano unakandwa kwa maji ya moto, unasukumwa, unakatwa duara kwa mdomo wa glasi, unatia vya ndani, unafunga kwa vidole ukingo wote, halafu kwenye maji yanayochemka, ikielea juu subiri kidogo uepue. Zile wanazoziita ruskie ndani zina viazi, jibini laini la maziwa yaliyogandishwa na kitunguu cha kukaanga, na jina hilo dada alinisahihisha, si za Urusi hizo, ni za nchi ya Rus ya zamani upande wa mashariki. Kuna za kabichi chachu na uyoga. Kuna za tamu zenye jagody, vitunda vya msituni vidogo kuliko kunazi, vinapaka ulimi rangi kama umekula zambarau, juu yake malai na sukari, mdogo wangu alikula hizo siku tatu mfululizo na sikumkataza.

Sasa sikieni hili, hasa Waislamu wenzangu mnaopanga safari. Kwenye hoteli moja, mji sitautaja, niliagiza ruskie kwa kujiamini kabisa manake najua ndani ni viazi. Sahani ikaja na vipande vidogo vya rangi ya kahawia juu, vinametameta mafuta. Nikaona kitunguu cha kukaanga, kama kile tunachotupia juu ya biriani. Uma ushafika mdomoni ndo mdogo wangu akanishika mkono. Kumbe zile ni skwarki, shahamu ya nguruwe iliyokaangwa ikawa mikavu. Hawakuwa na nia mbaya, kwao ndo pambo la chakula, wakatuletea nyingine zimepakwa siagi. Lakini mkono ulinitetemeka mpaka usiku. Kuanzia siku hiyo nilitembea na karatasi imeandikwa bez skwarek, bila skwarki, na nie jem wieprzowiny, sili nguruwe, naionyesha kabla hata sijavuta kiti. Na mkate ukiletewa na kitu cheupe cha kupaka usikimbilie kudhani ni siagi, uliza, inaweza kuwa smalec, nayo ni mafuta ya huyo huyo.

Toruń ndo niliposhtuka mara ya kwanza. Ni mji wa kale kando ya mto Wisła, alipozaliwa Copernicus mwaka 1473, na mji wao mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1997, wetu uliingia 2001, kwa hiyo nikaona hapa ni kwa majirani. Tulikwenda kuona wanavyotengeneza piernik. Mlango kufunguliwa tu, wallahi nilisimama. Karafuu, mdalasini, tangawizi, iliki, kungumanga, pilipili manga. Harufu ya jikoni kwa mama siku ya kuamkia Idi, kwenye nchi ambayo nje nimevaa jaketi mbili! Piernik ni keki ngumu ya asali na unga na viungo hivyo, donge zamani linawekwa wiki kwa wiki likomae, na jina lenyewe limetoka kwenye neno lao la kale la pilipili. Yaani mkate wa pilipili.

Walitupa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa ndani, tusindilie donge. Changu kilikuwa na bibi amevaa gauni la mikunjo mikunjo, kila mkunjo umepitishwa patasi, na kwa sababu kimechongwa kinyume hujui sura yake mpaka donge litoke. Nikakipitisha kidole polepole. Mi nimekua nikisikia patasi, ami yangu ni fundi wa milango na masanduku, najua mtu akikosea mkunjo mmoja hakuna pa kuuficha. Nilimuuliza mwenyeji hii karafuu mnalima wapi, akacheka, akasema tangu enzi hizo mpaka leo inatoka mbali, Toruń ilikuwa mji wa wafanyabiashara na mto uko mlangoni. Nikasema mbali ni kwetu. Iliki haipandi mto Wisła kabla haijapita kwanza bahari ya Hindi. Mababu zetu walivibeba vitu hivi kwenye majahazi wasijue vinaishia wapi, na mimi hapa nimevifuata mpaka mwisho wa safari yao nikavikuta vimekuwa bibi mwenye gauni.

Gdańsk nitapita haraka, samaki wao nilimpenda, hasa yule wa moshi, na śledź mwenye ukubwa kama kibua analiwa na kitunguu na malai chachu, ni mzuri lakini mchuzi wa nazi haumjui. Ila nilifanya jambo moja ambalo kila mtu wa Lamu angefanya. Nilishuka pwani nikachota maji mkononi nikaonja. Hayana chumvi! Yaani yapo yapo tu kama maji ya mchele. Dada akanieleza bahari yao hiyo, Baltiki, imefungwa karibu kote, mlango wake wa kuingilia bahari kuu ni mwembamba na mito mingi inamwaga humo, ukiwemo huo Wisła, ndo maana pale kwenye ghuba chumvi ni kama gramu 7 tu kwa lita wakati yetu ni kama 35. Nilimrekodia ami sauti kwenye simu, akajibu hiyo si bahari hiyo ni kisima.

Kraków tulikula obwarzanek, duara la mkate lililosokotwa, wanalichemsha kwanza ndo wanalioka, linauzwa kwenye vigari njiani asubuhi kama mahamri, na limeandikwa kwenye hesabu za jumba la mfalme tangu mwaka 1394. Halafu tukapanda milimani upande wa Zakopane kwa ajili ya jibini la oscypek.

Hapo kuna mchungaji mkuu wa kondoo, wanamwita baca, na kibanda chake cha mbao ndani kuna moto chini katikati na moshi umejaa mpaka macho yanatoka machozi. Ni maziwa ya kondoo, wakati mwingine yanachanganywa kidogo na ya ng'ombe. Anachota maziwa yaliyoganda, anakamua kwa viganja, anatumbukiza kwenye maji ya moto, anakamua tena, anafinyanga mpaka yawe kama pia ile ya watoto kuchezea, halafu katikati anafunga kipande cha mbao kilichochongwa nakshi, na kikitolewa jibini limevaa mkanda wa mapambo. Tena mbao, tena patasi! Linalala kwenye maji ya chumvi halafu linapandishwa juu ya moto likae kwenye moshi siku kadhaa mpaka liwe rangi ya asali. Tangu 2008 sheria ya Ulaya inalinda jina hilo, mtu wa kwingine hawezi kutengeneza lake akaliita oscypek. Nililila limechomwa juu ya makaa, linalia kwenye meno, na jamu chachu ya matunda mekundu. Nilitamani kweli mkate wetu wa mofa ungekuwa na mlinzi kama huyo.

Baada ya hapo dada akatupeleka kijijini kwa mamake, upande wa Lublin. Yule mama tulimwita Pani, kama sisi tunavyosema Bi, humwiti mtu mzima jina lake kavu. Alitupokea mlangoni na mkate na chumvi, wana msemo wao gość w dom, Bóg w dom, mgeni nyumbani, Mungu nyumbani. Nikamwambia sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, dada akatafsiri, Pani akashika moyo wake.

Pani ndo aliyenifundisha hasa. Alinishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, ngazi za mawe, taa moja, na ukutani rafu mpaka juu zimejaa chupa za vioo. Matango chachu na thomu na majani membamba kama ya shamari. Kabichi chachu. Bitiruti chachu. Jamu nzito ya plamu. Uyoga wa msituni umetungwa kwenye uzi kama vikuba. Nikamuuliza mnakula vyote hivi? Akasema theluji ikianguka shamba halitoi kitu miezi, kinachotulisha ni hiki. Hapo ndo nikaelewa kwa nini supu zao zote zina uchachu. Sisi uchachu tunautoa kwenye ndimu, ukwaju, embe mbichi, mti uko nje unanyoosha mkono. Wao hawana mti wa namna hiyo, uchachu wanauunda wenyewe kwenye chupa, kwa chumvi na kungoja.

Żurek yake, supu yao chachu, inaanza na unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano lakini nyeusi kidogo, maji ya vuguvugu na thomu iliyopondwa, unafunika kitambaa unaacha siku nne tano. Ikishachacha unaimimina kwenye supu inayochemka inakuwa nzito kama uji. Kawaida hutiwa soseji ya nguruwe, Pani alinipikia ya mayai na uyoga mkavu na sufuria alilisugua mbele yangu bila kuombwa. Ukionja mara ya kwanza unashtuka, ya pili unatafuta ni nini, ya tatu ushamaliza bakuli.

Akaniuliza na mimi natoka wapi hasa. Nikamwambia Lamu, pwani ile ile yenye bandari ya Mombasa. Kusikia Mombasa akasema kijiji chao kulikuwa na bibi mmoja, ashafariki, aliyekulia Tengeru. Sikuijua habari hiyo. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wapolandi wengi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu Urusi walitoka kupitia Uajemi wakaletwa kwa meli kwenye bandari zetu za Afrika Mashariki, na kule Tengeru karibu na Arusha waliishi kama 5,000, wengi wao kina mama na watoto. Pani akasema yule bibi mpaka uzeeni akiona ndizi kwenye supamaketi analia.

Mwisho kabisa ni Podlasie, na hapa ndo nilipotaka kufika tangu nianze kuandika.

Ni mashariki kabisa, karibu na mpaka wa Belarusi, msitu na mashamba, kijiji kinaitwa Kruszyniany. Kuna Waislamu pale. Si waliohamia juzi, ni Watatari, wasichanganywe na Tatra ile milima ya jibini. Waliingia dola ya Lithuania na Polandi tangu karne ya 14, wakapigana upande wa wafalme, na mwaka 1679 mfalme Jan Sobieski, wakimdai na hana pesa za kuwalipa mishahara, akawapa ardhi hapo. Msikiti wao ni wa mbao tupu, rangi ya kijani, minara miwili mbele, kwa mbali ungesema ni kanisa la kijijini mpaka uone mwezi juu. Ndani kunanuka msonobari. Ukutani aya zimeandikwa kwa herufi nzuri zikawekwa kwenye fremu, na wanawake wana chumba chao nyuma ya kizuizi. Tuliswali adhuhuri mimi na mdogo wangu na soksi zetu nzito. Hapa Lamu nimezoea kuswali nimeelekea kaskazini maisha yangu yote, kule kibla iko kusini, na mwili ulikataa kidogo, kama vile nimegeuzwa kitandani. Nikawaza kumbe mahali tunapotazama ni pamoja, mimi natoka huku wao wanatoka kule.

Nyumba tuliyofikia mama mwenye nyumba alikuwa anapika pierekaczewnik. Jina hilo nililisoma kwa kukatakata kama mtoto wa chuo. Nyama alisema ni ya kuchinjwa kwa sheria, ya ng'ombe, ameikata kwa kisu vidogo vidogo, kitunguu, chumvi, pilipili manga. Unga akaukanda, akaukata madonge sita, kila moja akalisukuma mpaka ukawa mwembamba unaona mbao za meza chini yake. Akaupaka siagi iliyoyeyushwa, akatandaza nyama, akaweka mwingine, siagi, nyama. Mimi nimesimama tu natazama. Halafu akauviringisha wote ukawa mrefu kama kamba ya jahazi, na akaanza kuukunja kwa kuzungusha, polepole, kama konokono, akaulaza ndani ya sufuria la duara.

Nikasema kwa Kiswahili bila kujijua, hii naijua mimi!

Manake ndo chapati. Ndo vile mamangu alivyonifundisha nikiwa na miaka tisa, sukuma, paka samli, viringisha, kunja konokono, ndo zitoke tabaka. Niliomba unga kidogo uliobaki nikamfanyia chapati moja pale pale kwenye kikaango, nikaipigapiga kwa mikono ikachanuka tabaka, na yule mama akaichukua akaifungua ukurasa kwa ukurasa, akamwita binti yake aje aone. Hatukuwa na lugha moja, dada katikati anatafsiri akachoka akatuacha, tukaendelea kwa mikono.

Pierekaczewnik iliyotoka ovenini ilikuwa nzito, kahawia juu, ukikata unaona mistari ya unga na nyama kama pete za mti. Tangu 2009 nayo imesajiliwa Ulaya kama chakula cha jadi. Lakini kilichonikaa moyoni ni jibu lake nilipomuuliza kwa Kitatari inaitwaje. Akasema lugha yao waliipoteza karne nyingi zilizopita, mababu walioa wake wa kule, watoto wakafuata lugha ya mama. Vitabu vyao vya dini vya zamani, wanaviita kitab vile vile, lugha yake ni Kipolandi na Kibelarusi lakini herufi ni za Kiarabu. Kama tenzi zetu! Bibi yangu mpaka anaingia kaburini barua zake zote zilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tunazo kwenye sanduku na tunaosoma tumebaki wawili. Lugha ikaenda, wao wakabaki na swala, makaburi yao kule kilimani chini ya miti, na huu unga. Nikaanza kuhesabu hapa kwetu mtaani nyumba zenye tanuri la mofa linalowaka bado. Nilihesabu mkono mmoja na vidole vikabaki.

Wiki iliyopita nimeipika hapa. Sina oveni kubwa hivyo nilitumia sufuria zito, makaa chini na makaa juu ya mfuniko kama tunavyopika mkate wa kumimina, nyama ya mbuzi, samli badala ya siagi, na mama akanishika mkono nisisahau bizari ya pilau kidogo, nikamwachia. Ilichukua zaidi ya saa moja na upande mmoja uliungua. Mama akakata, akatazama tabaka, akasema huyo aliyekufundisha anajua kusukuma. Nilituma picha, yule mama wa Kruszyniany akarudisha moyo na swali moja, ile rangi ya manjano ndani ni nini?

Na kwenye begi nilirudi na kilo mbili za unga wa rai. Chupa ya żurek iko juu darini chini ya kivuli. Pani alisema siku tano, lakini hakuhesabu joto la Lamu, leo ni ya pili tu na ishaanza kutoa povu, na mama tangu asubuhi ananiita, "ndoo uitazame hii kitu yako, inapumua."